Unataka kusubu alumini nyumbani? Anza na meza nzito

Ukipita kwa mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu na kusubu sufuria za alumini mtaani, wengi utawakuta wamechuchumaa. Kalibu iko chini, mchanga uko chini, mgongo umepinda kutwa nzima. Kazi inatoka, tena nzuri, lakini hebu muulize fundi mzoefu habari za kiuno chake.

Kama una karakana ndogo nyuma ya nyumba, huna haja ya kuteseka hivyo. Meza moja imara inatosha. Ila elewa kwanza kazi yake: ni meza ya kutengenezea kalibu ya mchanga, si ya kumiminia alumini ya moto. Hapo wengi wanachanganya, na hapo ndipo watu wanapoungua.

Kwa nini iwe nzito? Kalibu unaipata kwa kushindilia mchanga wenye unyevu ndani ya fremu mbili, ya chini na ya juu, kuzunguka umbo la kitu unachotaka. Unapiga na kupiga. Meza ikicheza, nguvu yako inaishia kwenye miguu ya meza badala ya kwenye mchanga. Mchanga unabaki laini upande mmoja, na ukiinua fremu ya juu kipande kinamomonyoka. Kazi ya saa nzima, kwisha.

Miguu iwe mbao za inchi 4 kwa 4. Za kuunganisha, inchi 2 kwa 4 zinatosha. Funga kwa boliti na washa, usitegemee misumari. Meza yangu ya kwanza niliipiga misumari mitupu, na baada ya wiki chache ikawa inalia kama kitanda cha gesti. Boliti ikilegea unakaza kwa spana, basi. Halafu weka mbao za mshazari nyuma na pande mbili. Mbele acha wazi ili miguu yako iingie na usimame karibu.

Kuhusu kimo, vaa viatu vyako vya kazi, simama wima, mikono ining'inie. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Kwa wengi inafika karibu sentimita 80. Utaiona fupi ukilinganisha na meza ya jikoni, lakini kumbuka fremu zitakaa juu yake, na wewe unatakiwa kushindilia kwa uzito wa mabega, si kwa viwiko.

Sasa juu ya meza. Usifunike kwa ubao mzima, maana mchanga utamwagika sakafuni kila dakika. Tengeneza sanduku lililo wazi, mfano sentimita 90 kwa 60, lenye kina cha 20. Juu yake pitisha reli mbili za mbao ngumu au chuma cha pembe, kutoka mbele hadi nyuma. Fremu inakaa kwenye ubao bapa juu ya reli, na mchanga wote unaomwagika unarudi ndani ya sanduku. Unachota hapo hapo bila kuinama.

Ndani ya sanduku piga bati, maana unyevu wa mchanga huozesha mbao. Chini yake katiza mbao za 2 kwa 4 kila baada ya sentimita 30. Usidharau hili. Debe la lita 20 la mchanga ni karibu kilo 30, na sanduku hili linameza zaidi ya madebe matano. Hata ukilijaza nusu tu, mchanga wenyewe unaikalia meza isisogee. Uzito wa bure huo.

Ukimaliza kazi, funika kwa nailoni. Mchanga mzuri ukiufumbata kwenye kiganja unashikana, ukiuvunja unakatika vizuri, na hauachi maji mkononi. Ukikauka kabisa unatoa vumbi la silika, na vumbi hilo linaharibu mapafu taratibu bila wewe kujua. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kuchekecha au kufagia, na uvae barakoa inayofaa vumbi, si kitambaa.

Kalibu ikishakuwa tayari, ishushe chini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, na humiminwa ikiwa na moto zaidi ya hapo. Ikimwagika juu ya meza inakufuata mapajani. Ikimwagika chini, inaishia mchangani.

Lakini chini siyo saruji tupu. Saruji ina maji ndani yake hata ikionekana kavu. Alumini ya moto ikigusa, maji hayo yanageuka mvuke ghafla, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Vipande vya saruji na alumini vinaruka usoni. Tandaza mchanga mkavu, unene wa inchi 4 hivi, na miminia juu ya huo. Utauliza, mbona kalibu nayo ina unyevu? Ni kidogo tu, na mvuke wake unapenya katikati ya chembe. Ukizidisha maji, kalibu nayo inaweza kukurushia moto. Kandambili marufuku hapa, vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu.

Meza ikae hatua mbili au tatu kutoka kwenye kitanda hicho cha mchanga, isizidi. Fremu za sentimita 30 kwa 30 zilizoshindiliwa zinakaribia kilo 30, na kalibu ikiinama njiani mchanga wa ndani unaanguka. Tafuta mtu wa kushika upande wa pili, mbebe pamoja na ubao wake, na njia iwe wazi kabla hamjainua.