Choo na Mizani

Ukitoka Itigi kwenda Mbeya utapita Rungwa, kando ya pori la akiba lenye jina hilo. Watu wa mjini hulijua kwa sababu ya tembo. Mimi nalijua kwa kuwa nilikulia huko.

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini kuzizunguka redio. Kwa wiki 12 walisikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Safura, kichocho na kuhara vilitajwa kwa majina. Shimo letu nililichimba mimi. Baba alisimamia tu.

Lakini tulihesabu mashimo, watoto hatukuwapima. Mnyoo wa safura hunyonya damu. Vijidudu vingine huharibu utumbo, chakula kikapita bila kumfaa mtoto. Naye akiharisha, nyumbani humnyima chakula, eti tumbo lipumzike! Akidhoofu, ugonjwa humrudia upesi zaidi.

Mizani ilipata heshima yake mkoani Iringa, katika mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO na fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito kijijini, na kamati ya kijiji ikajadili majibu yenyewe. Utapiamlo mkali ukapungua.

Kati ya choo na mizani ilipita miaka 10. Mdogo wangu alizaliwa humo katikati. Aliharisha, akazuiwa uji kwa nia njema kabisa, tukamzika. Choo tulikuwa nacho.