Dhamana Inayouzwa

Friji iliyonunuliwa Kampala na kupakiwa lori hadi mtaa wa Hai Amarat huingia Juba na karatasi zake: risiti, kadi ya waranti ya mwaka mmoja, na pengine karatasi ya tatu ambayo mnunuzi aliilipia kando. Hiyo ya tatu hutokea dakika ya mwisho, noti zikishahesabiwa. Muuzaji anasema ongeza kidogo tu, upate miaka miwili juu ya ule mmoja wa kiwanda. Madukani huitwa waranti ya ziada, dhamana ya nyongeza, au geranti ya kulipia. Yote matatu yanaeleweka, ila hilo la katikati linanikera.

Dhamana kwetu ni neno zito. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana kwa kuwa mtu mwingine amejifunga kwamba atarudi mahakamani. Mzee humdhamini kijana anayekwenda kukopa. Neno limetoka Kiarabu, daman, na mwenye duka wa Juba aliyetoka Khartoum hulitumia hilohilo kwa kadi ya friji, hivyo Mswahili na yeye huelewana bila mkalimani. Katika fikihi lina historia ndefu: wanazuoni wengi wa kale walikataa mtu apewe ujira kwa sababu tu amemdhamini mwenzake, wakaihesabu dhamana kuwa hisani. Mwangwi wa maana hiyo bado tunao. Tukisikia dhamana, tunamwona mtu aliyeubeba mzigo mwenyewe.

Waranti ya kiwanda inakaa vizuri ndani ya maana hiyo. Mtengenezaji anasema: chombo kikiharibika kwa kosa langu, ni juu yangu. Gharama imo ndani ya bei, sikatai, lakini anayebeba ni aliyeunda, na kila friji mbovu inamuuma mfukoni. Tena, hata kadi ikipotea, sheria haikuachi mikono mitupu kila mahali. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huichukulia bidhaa iliyouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo kwamba ina ubora unaofaa kuuzwa, iwe muuzaji ametamka au hakutamka. Mara nyingine mtu huuziwa kwa pesa ya pili haki ambayo tayari ilikuwa yake.

Karatasi ya tatu ni kitu kingine. Aghalabu anayeahidi si kiwanda bali duka, au kampuni nyingine kabisa iliyo nyuma ya duka. Unalipa mapema kwa ajili ya ajali ambayo huenda isitokee; isipotokea, pesa haikurudii. Kuna orodha ya yasiyolipwa, na kuna kikomo cha malipo. Biashara ya namna hiyo ina jina la zamani katika Kiswahili: bima. Kwa hiyo istilahi ninayoitetea ni bima ya hitilafu. Anayeuziwa dhamana hutia sahihi kwa moyo mkunjufu. Anayeuziwa bima huuliza ada ni kiasi gani, nani atalipa, na wapi.

Tuulize basi. Wahandisi wakichora jinsi vyombo vinavyoharibika kadiri vinavyozeeka, mchoro hutoka na umbo la beseni: ubovu mwingi mwanzoni, kwa vile vilivyotoka kiwandani na kasoro, kisha miaka mirefu iliyotulia, kisha ubovu unapanda tena chombo kinapochakaa. Mwaka wa kwanza una waranti ya bure. Bima ya hitilafu huanza pale tambarare inapoanza, na huisha kabla ya mpando wa pili. Aliyeiuza anaujua mchoro huo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa friji ya dola 500 na nyongeza ya dola 80 kwa miaka miwili. Tuseme tengenezo la kawaida, kujaza gesi au kubadili thamostati, linakula dola 100. Ili ada yako irudi, lazima kuwe na uwezekano wa asilimia 80 kwamba friji itaharibika ndani ya miaka hiyo. Friji ya namna hiyo usiinunue kabisa. Hata ukihesabu kompresa nzima kwa dola 200, bado unahitaji uwezekano wa asilimia 40. Na kompresa za inveta za LG na Samsung mara nyingi zina stika ya miaka 10 mlangoni, inayohusu kompresa peke yake; gesi na ujira wa fundi ni juu yako.

Hapo sijaigusa Juba. Mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra ulizinduliwa Novemba 2019, na umeme wake husambazwa na JEDCO, ubia kati ya Ezra na shirika la umeme la serikali. Kabla ya hapo jenereta ndiyo ilikuwa umeme wa mji, na katika nyua nyingi bado ipo, ikipokezana na gridi na sola. Kila badiliko la chanzo ni mtihani kwa kompresa. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mota hulazimika kuanza huku gesi ingali na shinikizo. Volti zikiwa chini, huvuta mkondo mkubwa mno na waya zake huungua. Ndicho kinachoua mafriji hapa. Sasa soma maandishi madogo ya karatasi ya tatu: uharibifu uliotokana na kupanda na kushuka kwa umeme kwa kawaida haulipwi. Frijigadi, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, inazuia jambo lilelile ambalo bima imelikataa.

Kisha kuna mpaka. Waranti nyingi hufanya kazi katika nchi bidhaa iliponunuliwa tu. Barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani, ina kilomita 192, na Kampala iko mbali zaidi ya hapo. Nauli ya kuirudisha friji inaweza kuzidi tengenezo. Ukinunua Juba kwenyewe, tazama sarafu. Desemba 2015 serikali ya Sudan Kusini iliiachia pauni yake ijitafutie bei sokoni, nayo ikaanguka kutoka karibu 3 hadi zaidi ya 18 kwa dola moja. Mkataba ulioahidi kurudisha bei ya ununuzi kwa pauni ulitimizika kwa herufi zote bila kumnunulia mtu hata mlango wa friji. Na Julai 2016, mapigano yalipozuka, jeshi la Uganda lilituma msafara kuwaondoa raia wake, wafanyabiashara wengi wakiwamo. Duka likishafungwa hivyo, kadi yake unamwonyesha nani?

Wakazi wa Hai Amarat wana jambo lao la ziada. Mtaa una balozi, hoteli na ofisi za mashirika, na wapangaji wengi wapo kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Bima inayoanza mwaka wa pili, kwa jina la mtu atakayekuwa ameshaondoka, mara nyingi haihamishiki kwa anayemwachia friji.

Biashara hii haikuanza kutiliwa shaka kwetu. Uingereza, tume ya ushindani iliichunguza na mwaka 2003 ikaona ushindani ni hafifu. Kanuni za 2005 zikawalazimisha wauzaji kuonyesha bei ya nyongeza kando ya bei ya bidhaa, na kumpa mnunuzi siku 45 za kughairi na kurudishiwa pesa zote. Kwetu mnunuzi hupewa muda wa kutafuta kalamu.

Televisheni kubwa ndiyo ningeifikiria mara mbili, kwa sababu kioo chake kikifa chenyewe, bei ya kioo kipya hukaribia bei ya televisheni nzima. Hata hapo, kioo kilichopasuliwa na mpira wa mtoto hakimo. Muulize muuzaji karakana yao iko mtaa gani wa Juba, nenda ukaione ikiwa wazi, ndipo urudi na hizo pesa za ziada.