Sumu Ukutani: Kisa cha Rangi ya Kijani ya Chumba cha Kusomea

Msikilizaji, mtu anayeipamba upya nyumba yake, akifika kwenye chumba cha kusomea, husimama mbele ya makopo ya rangi na kujiuliza: ni ipi itakayoyapumzisha macho? Muuzaji akimpendekezea kijani, huichukua bila wasiwasi. Katika Ulaya ya karne ya 19 swali lilikuwa hilo hilo na jibu mara nyingi lilikuwa hilo hilo. Tofauti ni kwamba wakati ule sababu ya kuwa na wasiwasi ilikuwepo, na walioijua walikuwepo tangu mwanzo.

Imani kwamba kijani hutuliza macho ni kongwe. Pliny, mwandishi wa Roma aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba wachonga vito walipochoka waliyapumzisha macho yao kwa kutazama zumaridi. Mwaka 1810 mshairi wa Ujerumani, Johann Wolfgang von Goethe, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya nadharia ya rangi. Humo alieleza kuwa jicho likikutana na kijani hupata utulivu wa kweli, na kwamba ndiyo maana watu huchagua karatasi za kijani kwa kuta za vyumba wanavyokaa muda mrefu. Chumba cha msomi ni mojawapo.

Lakini kijani kipi? Vijani vya zamani havikutegemewa. Kilichochanganywa kwa buluu na njano kilipoteza njano yake kwa mwanga wa jua, na kile cha kutu ya shaba kiliweza kugeuka rangi ya udongo. Ndipo mwaka 1775 Carl Wilhelm Scheele, mfamasia na mwanakemia wa Sweden, alipounganisha shaba na aseniki akapata kijani ambacho hakijapata kuonekana dukani. Mwaka 1814, mjini Schweinfurt huko Bavaria, kikaanza kutengenezwa kingine cha jamaa hiyo hiyo, king'aavu na cha kudumu zaidi. Chumbani penye mwanga hafifu wa mshumaa au taa ya gesi, ambamo rangi nyingine hufifia, kijani hiki kiliendelea kung'aa. Tena bei yake haikumtisha mtu wa kawaida.

Aseniki ni sumu, na Scheele hakuwa mjinga wa jambo hilo. Katika barua ya mwaka 1777 alieleza kuwa yafaa wanunuzi waarifiwe kilichomo ndani ya rangi yake. Hawakuarifiwa. Mwaka 1815 mwanakemia wa Kijerumani, Leopold Gmelin, aliwaonya watu gazetini kuhusu harufu kama ya panya aliyoinusa kwenye vyumba vyenye unyevu vilivyobandikwa karatasi za kijani. Mwaka 1862, mtaani Limehouse, mashariki ya London, watoto wa familia moja walikufa mmoja baada ya mwingine. Karatasi ya kijani ya chumbani mwao ilipopimwa, ikakutwa imejaa aseniki. Madaktari wakapiga kelele; watengenezaji wakajibu kwamba mbona wao wenyewe wanakaa na karatasi hizo na hawaumwi.

Hapa hatuwezi kumpita William Morris, msanii ambaye karatasi zake za maua na majani zilipamba nyumba za wasomi wa Uingereza. Morris alikuwa mtetezi wa wafanyakazi, na bado utajiri wa familia yake ulitoka katika mgodi wa Devon Great Consols, uliokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa aseniki duniani. Hadi mwaka 1875 alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Miaka kumi baadaye bado aliandika barua akiwadhihaki madaktari walioihofia sumu ya ukutani. Kipande cha karatasi yake ya awali kilipochunguzwa maabara mwaka 2003, kijani chake kilikutwa na shaba na aseniki. Mapenzi yake kwa wanyonge yalikuwa ya kweli, lakini hayakufika ukutani.

Je, sumu ilitokaje ukutani ikaingia mwilini? Katika miaka ya 1890 Mtaliano Bartolomeo Gosio alionyesha kuwa kuvu wanaoota penye unyevu huweza kuigeuza aseniki kuwa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu. Kwa muda mrefu gesi hiyo ndiyo iliyobeba lawama yote. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa haina ukali uliodhaniwa. Vumbi la rangi iliyobambuka ni mshukiwa aliye karibu zaidi.

Redio nayo ina sehemu yake katika kisa hiki. Mwaka 1980 mwanakemia mmoja alizungumza katika kipindi cha redio ya Uingereza, akauliza ni nani ajuaye karatasi ya ukutani ya Longwood ilikuwa ya rangi gani. Longwood ni nyumba ya kisiwani Saint Helena alimofia Napoleon mwaka 1821. Msikilizaji mmoja akajibu kwamba anacho kipande chake, kimehifadhiwa katika daftari la zamani. Aseniki ilikuwemo. Lakini uchunguzi wa mwaka 2008 ulikuta nywele za Napoleon za utotoni zikiwa na aseniki kwa kiwango kinachokaribiana na za siku zake za mwisho, na za watu wengine wa zama zake vilevile. Basi karatasi ile haikumuua. Zama zile zote zilikuwa zikiishi na sumu hiyo.

Uingereza haikuwahi kutunga sheria ya kupiga marufuku karatasi hizo. Zilitoweka kwa sababu wanunuzi walianza kuulizia zisizo na aseniki. Waliokimbilia kuta nyeupe, hata hivyo, walikutana na sumu nyingine. Nyeupe ya Ulaya haikuwa chokaa ya matumbawe kama ile ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mara nyingi ilikuwa unga wa madini ya risasi. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia katika upakaji rangi wa ndani ulipitishwa Geneva mwaka 1921. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na Uingereza ikaiondoa katika mauzo ya kawaida mwaka 1992.

Kwa hiyo msikilizaji anayeishi katika nyumba kongwe ya London au Chicago, kabla ya kuchagua rangi mpya, ana haja ya kujua ni rangi gani iliyo chini yake. Asiikwangue kwa msasa mkavu, na watoto wasiwepo chumbani. Ipimwe kwanza.