Sahani za Murang'a

Baba mdogo alifariki mwaka 1988, tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano. Hospitalini walituambia ni ini. Nyumbani neno hilo halikuturidhisha. Akatafutwa mtu, akapatikana: mzee mmoja jirani yetu, naye alihama Tunduma kabla matanga hayajaisha.

Miaka mingi baadaye mpwa wangu, ambaye amesomea udaktari, aliniletea nakala za makala chache za kitaalamu juu ya saratani ya ini. Tulikaa uani, yeye akisoma na kunifafanulia. Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia.

Habari ilianza kwa kuku wa kizungu, kama tulivyozoea kuwaita bata mzinga. Mwaka 1960 walikufa zaidi ya 100,000 huko Uingereza, na kisa kikaonekana ni mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyoota ukungu. Sumu ya ukungu huo ndiyo leo tunayoiita sumukuvu. Ikiwa inaua ndege kwa kuharibu maini, je, wanaokula karanga na mahindi ya namna hiyo kila siku?

Mwaka 1971 Alpert, Hutt na wenzao walichapisha majibu ya Uganda. Walipima sampuli 480 za vyakula vya akiba, na karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na sumu. Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ndiko na sumu ilikokuwa nyingi.

Lakini cha ghalani si lazima kiwe ndicho kinacholiwa. Mwanamke hupepeta, huchambua, huosha. Hapo ndipo ninapowavulia kofia Peers na Linsell, waliofanya kazi Murang'a, Kenya. Wao walichukua chakula kilichokwisha kupikwa, kutoka kwenye sahani, kwa muda wa miezi 21. Waliigawa wilaya kwa mwinuko: juu, kati na chini. Kadiri walivyoteremka kwenye joto, sumu iliongezeka mezani, na wagonjwa wa saratani ya ini wakaongezeka vilevile. Makala yao ilitoka mwaka 1973. Niliposikia hayo niliwaza safari ya kutoka baridi ya Mbozi hadi joto la Kamsamba, mahindi yale yale mgongoni mwa lori.

Hawakuishia hapo. Walikwenda Swaziland, nchi inayoitwa Eswatini sasa, wakachapisha mwaka 1976. Mwaka 1987 wakatoa nyingine pamoja na wenzao, safari hii wakipima na virusi vya homa ya ini aina ya B, maana wengi walikuwa wakisema kisa ni virusi tu. Sumukuvu ikaonekana kueleza tofauti ya sehemu na sehemu kuliko virusi. Miaka kumi na minne, swali lile lile! Mwaka 1991 wataalamu wengine, kwa wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika, waliona ndani ya chembe za uvimbe wa ini jeni moja, p53, limeharibika mara nyingi mahali pale pale. Jeni hilo ni kama breki ya chembe. Ini, katika kujaribu kuitoa sumu, huigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye jeni. Breki ikikatika, chembe huzaana bila kusimama.

Mpwa wangu alipofika hapo nilimwomba anyamaze kidogo.

Miaka ya themanini nilikuwa nikinunua mahindi vijijini na kuyauza Tunduma. Mvua ikiyakuta njiani, tuliyachambua. Punje safi zilikwenda sokoni. Zilizoota ukungu hatukuzitupa. Tuliwauzia kwa bei ya chini akina mama wapika komoni, na baba mdogo alikuwa mteja wa kila jioni.

Sisemi mimi ndiye niliyemuua. Makala zile zinahesabu wilaya nzima, hazimtaji mtu mmoja, na huenda yeye alikuwa na virusi, ambavyo chanjo yake watoto wetu walianza kuipata mwaka 2002. Ila mwaka 2016, waliposema watu 20 wamekufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, nilizima redio.

Mpwa wangu aliniuliza yule mzee alihamia wapi. Nikamwambia Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, mwendo wa kutembea kwa miguu. Akauliza kama kuna aliyewahi kwenda kumwona. Nikamwambia hakuna.