Koko anasahau ugenini: ugonjwa wa demensia na namna ya kuueleza kwa jamaa zetu walio mbali

Simu inatoka Marekani. Mtoto anasema koko amebadilika: anapotea njia karibu na nyumba, anarudilia ulizo moja mara kumi, anasema wajukuu wanamwibia. Huku kwetu wengi wanajibu mbio: « Amelogwa », ao vibaya zaidi: « Yeye ndiye mulozi ». Waganga wa hospitali wanaita hali hiyo demensia.

Demensia ni nini?
Ni hali inayoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo polepole. Inagusa kumbukumbu, lugha na mwenendo. Ugonjwa wa Alzheimer peke yake unaleta 60 hadi 70 kwa mia ya visa vyote. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana. Lakini kuna shida zinazofanana nao na zinatibika, kama ukosefu wa vitamini B12. Ndiyo maana lazima mzee apimwe.

Kwa nini ugenini ni nguvu zaidi?
Wakongo wengi walifika Marekani kupitia kambi kama Nyarugusu na Nakivale, wengine wakiwa tayari wazee. Mgonjwa anaweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani, akabaki na Kibembe, Mashi ao Kifuliiru. Tena, mtu ambaye hakusoma anaweza kushindwa kipimo cha kuandika na kuhesabu hata kama ubongo wake ni mzima.

Wengine walifanya nini?
Inchini Uingereza, kunako mji wa Bradford, familia nyingi zenye asili ya Pakistani na India hazikuwa na neno la ugonjwa huu katika lugha zao. Mradi ulioanza mwaka 2006 ukaitwa Meri Yaadain, maana yake kwa Kiurdu « kumbukumbu zangu ». Jina lenyewe halisemi wazimu. Watu walielezwa kwa lugha zao.

Na sisi?
Kutafsiri karatasi tu haitoshi. Sauti ya WhatsApp kwa lugha ya nyumbani inafikia hata asiyesoma. Mchungaji, imamu ao mkubwa wa jamaa akisema « huu ni ugonjwa », watu wanasikiliza. Kwa daktari, familia iombe mkalimani, isimtumie mjukuu: mtoto anaona haya kusema yote.

Na wewe uliyebaki hapa, ukipigiwa simu hiyo, chunga neno lako la kwanza. Neno « ulozi » linaweza kumfungia mzee chumbani. Neno « mpelekeni apimwe » linaweza kumfungulia mlango.