Kulipia Kabla ya Maradhi: Historia ya Bima za HMO na PPO Marekani

Mwaka 1910, mjini Tacoma katika jimbo la Washington, zahanati ya Western Clinic iliafikiana na wenye viwanda vya mbao kuwatibu wafanyakazi wao kwa senti 50 kwa mwezi kila mmoja. Daktari, ambaye tangu zamani alipata riziki mtu alipougua, sasa alilipwa hata mtu akiwa mzima.

Mwaka 1933, katika jangwa la California, Dkt. Sidney Garfield alifungua hospitali kwa ajili ya wajenzi wa mfereji wa maji ya mto Colorado. Alikaribia kufilisika, hadi kampuni za bima zilipokubali kumlipa senti 5 kwa siku kwa kila mfanyakazi. Tangu hapo kila jeraha likawa hasara yake, naye akawa anazunguka kwenye ujenzi akihimiza misumari iliyochomoza ipigwe nyundo. Kwangu mimi, hicho ndicho kiini cha historia yote hii: kinga iligeuka kuwa faida ya mganga. Garfield aliungana na mkandarasi Henry Kaiser, na mwaka 1945 mpango wao ukafunguliwa kwa umma.

Vita vya Pili vya Dunia navyo viliacha alama. Mishahara ilipodhibitiwa mwaka 1942, waajiri waliwavutia wafanyakazi kwa mafao ya afya. Hadi leo bima za Wamarekani wengi hutegemea ajira.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na Medicaid, ya wenye kipato cha chini, zilianzishwa mwaka 1965, gharama zikapaa. Dkt. Paul Ellwood alipendekeza mfumo wa Garfield wa kulipia kabla uenezwe, na tarehe 29 Desemba 1973 Rais Nixon alitia saini sheria ya HMO, yaani mashirika ya kudumisha afya. Katika HMO, mwanachama huwa na daktari wake wa kwanza, ambaye ndiye humpa rufaa kwa daktari bingwa. Akitibiwa nje ya mtandao wa madaktari na hospitali zenye mkataba na bima yake, isipokuwa kwa dharura, hujilipia.

Miaka ya 1980 ilieneza aina nyingine ya bima, PPO: hakuna rufaa, na nje ya mtandao mtu hutibiwa kwa kuchangia zaidi. Aina ya tatu, POS, ikachanganya rufaa ya HMO na uhuru huo.

Kisha ubanaji wa gharama katika HMO ukavuka mpaka. Akina mama waliruhusiwa kutoka hospitali mapema mno baada ya kujifungua, hata Bunge likalazimika, mwaka 1996, kuwahakikishia saa 48, au 96 kwa waliopasuliwa. Wafanyakazi wakakimbilia PPO, ambayo bado inaongoza katika bima za waajiri. Wazee wamefuata njia nyingine: tangu 2023 zaidi ya nusu ya wanufaika wa Medicare wanaostahiki wako katika bima za kampuni binafsi, wengi katika HMO, na huduma zao nyingi za gharama kubwa husubiri kibali cha kampuni.