Kufundisha watoto alama ambayo chakula chao kinaacha juu ya mazingira

Mtoto wa Goma, Bukavu ao Butembo anajua vizuri bei ya makala, sababu mara nyingi ni yeye wanatuma kuinunua. Anajua pia kama maharagi yanachelewa kuiva. Lakini ni watoto wachache ambao mtu amewahi kuwaonyesha njia yote ambayo chakula kinapita mbele ya kufika kwenye sahani, na vile vitu kinaacha nyuma: miti iliyokatwa, udongo uliochoka, moshi, sashe ndani ya ziwa. Hiyo ndiyo inaitwa alama ya chakula juu ya mazingira. Inaweza kufundishwa nyumbani na kwenye masomo, bila kitabu cha bei.

Alama hiyo ni nini?

Kila chakula kinatumia udongo, maji, nguvu za watu, usafiri na moto. Ukijumlisha vyote, unapata alama yake. Kwa dunia nzima, karibu theluthi moja ya gesi ambazo wanadamu wanatoa na ambazo zinapasha dunia joto inatokana na chakula: misitu inayokatwa ili kulima, ngombe, mbolea ya kiwanda, magari, kupika, na chakula kinachotupwa.

Katika inchi tajiri, watoto wanafundishwa zaidi kupunguza nyama na kutotupa chakula. Mashariki ya Congo hali ni ingine. Familia nyingi hazikuli nyama kila siku, na kuna watoto wanaolala bila kula. Kumuambia mtoto wa namna hiyo apunguze chakula ni kosa kubwa. Hapa, sehemu nzito ya alama mara nyingi iko chini ya sufuria: ni moto wa kupikia.

Makala: kilo moja, kilo ngapi za miti?

Familia nyingi za mijini zinapika na makala kwenye mbabula. Makala inatengenezwa kwa kufunika miti na udongo na kuichoma polepole siku nyingi. Kwa namna hiyo ya kienyeji, kilo 1 ya makala inaomba kilo 5 hadi 10 za miti.

Mtoto wa mwaka wa tano wa msingi anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Tuseme nyumbani wanachoma kilo 2 za makala kwa siku. Ni kilo 10 hadi 20 za miti. Kwa mwezi wa siku 30, ni kilo 300 hadi 600. Halafu ahesabu nyumba za avenue yake, azidishe. Hesabu hiyo inamfunza kuliko hotuba ndefu.

Swali linalofuata ni: miti hiyo inatoka wapi? Kwa Kivu ya Kaskazini, sehemu kubwa ya makala imekuwa ikitoka ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925. UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia mwaka wa 1979, na tangu 1994 iko kwenye liste ya urithi ulio hatarini. Biashara ya makala imelisha pia makundi yenye silaha. Zaidi ya walinzi 200 wa mbuga wameuawa wakiwa kazini katika historia yake. Wakati vita vilisukuma watu wengi sana kuzunguka Goma, kuanzia mwaka wa 2022, wakimbizi walikata miti upande wa Nyiragongo sababu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia.

Kuna pia njia zingine ambazo watoto wanapashwa kujua. Tangu mwaka wa 2007, WWF imesaidia walimaji wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao, katika mradi wa EcoMakala. Kituo cha umeme cha Matebe, Rutshuru, kilifunguliwa mwaka wa 2015 na kinatumia maji ya mto. Kwa nyumba zenye umeme wa kweli, sufuria ya umeme inaweza kupunguza makala.

Sahani moja, safari nyingi

Baada ya moto, mtoto aangalie kila kitu kilicho kwenye sahani.

Sambaza. Watoto wengi wanafikiri samaki huyu amekuwa ndani ya Ziwa Kivu tangu zamani. Kumbe aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wanamtafuta usiku na taa. Wakitumia chandarua cha mbu ao wavu wenye matundu madogo sana, wanabeba pia watoto wa samaki, na kesho ziwa linabaki tupu. Upande wa Rwanda, uvuvi wake unafungwa kwa muda kila mwaka ili samaki wazaane.

Tilapia ya Ziwa Edouard. Hapa kuna somo ambalo watoto wanapenda, sababu linachekesha. Viboko wanakula majani usiku, mchana wanarudi majini na kujisaidia humo. Mavi yao yanalisha vijidudu na majani madogo ya majini, ambavyo samaki wanakula. Miaka ya 1970, viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 20,000. Kisha kuwindwa sana wakati wa vita, walibaki chini ya 1,000 katika miaka ya 2000. Kupotea kwao ni hasara hata kwa mvuvi wa Vitshumbi ao Kyavinyonge.

Kabichi ya Kibumba. Zamani kama leo, mboga nyingi zinashuka Goma juu ya chukudu, ambayo haikunywi esanse. Mchele unaotoka Asia umepita bahari, halafu barabara ndefu kutoka bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam. Mchele wa bonde la Ruzizi hauna safari hiyo yote.

Maharagi. Mizizi yake inaishi pamoja na vijidudu vinavyoshika azoti ya hewa, na hiyo inasaidia udongo. Ni chakula chenye nguvu na alama ndogo shambani. Taabu yake ni kwenye moto, sababu yanakaa masaa mengi.

Nyama ya ngombe na fromage ya Masisi. Ngombe anaomba udongo mwingi na anatoa gesi ya metani wakati anacheua. Sehemu kubwa ya malisho ya Masisi ilikuwa msitu. Lakini ngombe ni pia masomo ya watoto, dawa na mahari. Mtoto ajue pande zote mbili.

Sashe inayorudi nyumbani

Huko Bukavu kuna mfano ambao mtoto yeyote anaelewa. Sashe ya biskuti ao chupa ya juisi inatupwa kwenye mtaro. Mvua inaipeleka ndani ya ziwa, na maji ya ziwa yanaipeleka hadi barrage ya Ruzizi, mahali ziwa linatokea. Plastiki inaziba mashine, na wafanyakazi wanalazimika kuitosha. Mashine ikisimama, umeme unapunguka mjini. Umeme ukikosa, mama anarudia makala. Kwa njia hiyo sashe moja inagusa ziwa, umeme na msitu.

Namna ya kufundisha: maulizo manne

Mwalimu ao mzazi anaweza kuanza na chakula cha jana. Kila mtoto anachora sahani yake, halafu anajibu maulizo haya:

1. Kilitoka wapi?
2. Kilisafiri juu ya nini: kichwa cha mama, chukudu, mtumbwi, fuso, meli?
3. Kilipikwa na moto gani, na kwa masaa ngapi?
4. Maganda na sashe vilienda wapi?

Kisha kuna jaribio la mbabula mbili. Pima maharagi ya kipimo kimoja, mara mbili. Ya kwanza yaloweke ndani ya maji usiku kucha, ya pili yasiloweke. Siku inayofuata, mwaga maji ya kuloweka, pika kila moja kwenye mbabula yake ukiwa umepima makala, na ufunike sufuria zote. Mtu mzima ndiye anakaa karibu na moto, na mbabula ibaki inje, sababu moshi wa makala unaua ndani ya nyumba iliyofungwa. Watoto wanaandika saa ya kuiva na makala iliyobaki. Maharagi yaliyolowekwa yataiva mbele, na mtoto atapeleka habari hiyo nyumbani. Ni pesa imebaki mfukoni na mti umebaki umesimama.

Kwa maganda, shimo dogo nyuma ya nyumba linatosha. Maganda ya ndizi na majani ya mboga yanaoza yanakuwa mbolea. Mingine inaweza kulisha sungura. Pale ambapo hakuna nafasi, gunia la udongo linaotesha lengalenga.

Bila kumpa mtoto haya

Katika darasa moja anaweza kukaa mtoto wa mlinzi wa mbuga, mtoto wa mwenye kuchoma makala, na mtoto aliyekimbia vita akiishi na kuni za msitu. Mwalimu akisema kama wanaochoma makala ni watu wabaya, mmoja wao atainamisha kichwa, na hatauliza tena. Pengine ni makala hiyo ililipa kalamu yake.

Kwa hiyo mambo mawili yatenganishwe. Kuna yale ambayo mtoto anaweza: kuloweka maharagi, kufunika sufuria, kuzima makala iliyobaki ili itumike kesho, kutotupa sashe kwenye mtaro, kupanda mti na kuulinda. Na kuna yale ya wakubwa na ya serikali: umeme unaofika hadi mitaa ya pembeni, usalama wa mbuga, sheria ya nyavu, mahali pa kutupa takataka. Mtoto hapashwi kubeba haya ya pili mgongoni. Lakini inafaa ayajue mapema, sababu siku moja ni yeye atakuwa mwenye kuuliza viongozi.

Leo jioni, wakati sufuria iko motoni, ulizo moja linatosha kuanza: «Makala hii, ilikuwa mti gani, na ulisimama wapi?» Kama mzazi hajui jibu, wanaweza kulitafuta pamoja kesho sokoni, kwa mwenye kuiuzisha.